Mwewe Huyu Si Yule: Habari za Shakevale wa Milimani

Mtu asimamaye juu ya ukingo wa Kanyamwa asubuhi, jua likiwa limekwisha kuyapasha moto mawe, huliona bonde la Lambwe limelala chini yake: nyasi ndefu za mbuga ya Ruma, vichaka vya migunga, mashamba ya mahindi nje ya mipaka ya mbuga, na kwa mbali vilima vya Gwasi vilivyo kati ya bonde na Ziwa. Saa hiyo ndipo hewa ya moto ianzapo kupanda, na ndege wawindao hupanda pamoja nayo, wakizunguka bila ya kupiga mabawa. Mwenye kuku akiwaona hupaza sauti, na watoto huokota mawe. Kwa Kijaluo huitwa otenga, kwa Kiswahili mwewe, na kwa watu wengi habari imekwisha hapo: ni mwizi wa vifaranga, na mwizi hupigwa.

Makala haya yataka kueleza kuwa jina hilo moja limefunika ndege wengi walio mbalimbali, na kuwa mmoja wao, aitwaye shakevale wa milimani, ameandikwa na wataalamu wa dunia katika orodha ya ndege walio karibu na hatari. Msomaji aweza kusema kuwa jambo hili halimhusu, maana kuku ni wake na ndege si wake. Twamwomba asubiri kidogo.

KUWATAMBUA

Mwewe mwenyewe, yule anyakuaye vifaranga uani na vipande vya samaki sokoni, hutambulikana kwa mkia wake uliogawanyika kama mkia wa samaki, ambao huupindapinda huku na huku arukapo. Huyo hapendi msitu. Apenda watu, kwa sababu watu hutupa takataka. Ni ndege mwenye akili na jeuri, na hayumo katika hatari hata kidogo.

Wa pili ni shakevale mgeni. Tangu mwezi wa Oktoba huja ndege wa rangi ya udongo kutoka Urusi na nchi za jirani zake, wakikimbia baridi kali ya huko. Wengi hupita Kenya ya magharibi wakienda kusini, na mwezi wa Machi na Aprili hupita tena wakirudi kwao kuzaa. Mkia wake hauna panda, bali umekunjuliwa kama kipepeo cha ukili. Chakula chake katika safari hii kubwa ni kumbikumbi, panzi na panya wa mashambani.

Wa tatu ni shakevale wa vilimani na mashambani, mweusi juu, tumbo jeupe (ingawa wengine ni weusi kotekote), mkia mwekundu kama kutu. Huyu ni maarufu katika nyanda za juu za Kenya. Hukaa juu ya nguzo ya simu au mti mkavu akiangalia panya na fuko, na mkulima wa viazi aliyepata hasara ya fuko angepaswa kumkaribisha kama mgeni wa heshima.

Wa nne ndiye tunayemtaka. Shakevale wa milimani ni ndege wa wastani, urefu wake kama sentimita 45, na akikunjua mabawa hupata mita moja na kidogo. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo mweusi. Kifua na tumbo ni vyeupe vyenye mabaka mengi ya udongo, kama mtu aliyerushiwa tope. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa ukimwona kwa mbali waweza kusema ni yule mgeni wa Urusi, na hata wachunguzi wenye darubini hukosea. Tofauti kubwa si ya manyoya bali ya makao. Mgeni hupita mahali popote penye chakula. Wa milimani ni mwenyeji wa msitu mbichi ulio juu ya mlima, aghalabu kuanzia mita 2,000 kwenda juu, na huko hukaa mwaka mzima, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Basi ukiona ndege wa namna hii juu ya msitu wa mlimani mwezi wa Julai, wakati wageni wote wamekwisha kurudi kwao, waweza kuwa na hakika zaidi kuwa umemwona mwenyewe.

Huwinda kwa kukaa kimya juu ya tawi kando ya mwanya wa msitu, kisha hushuka ghafula. Chakula chake ni vinyonga, mijusi, panya, nyoka wadogo na wadudu wakubwa. Hujenga tundu lake la vijiti katika panda ya mti mrefu, na kulitandika majani mabichi. Hutaga kwa kawaida mayai mawili. Sauti yake husikika kuliko anavyoonekana mwenyewe: mlio mrefu kama wa paka, ukishuka kutoka mawinguni juu ya miti.

Nchi yake ni Afrika hii ya mashariki tu. Huanza milima ya Uhabeshi, akafuata misitu ya Uganda, Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi, akaingia Kenya katika mlima Elgon, Cherangani, Mau, Aberdare na mlima Kenya, kisha Tanzania katika Kilimanjaro, Meru na milima mingine, mpaka Malawi. Katika ramani huonekana kama nchi kubwa sana. Lakini ramani hiyo hudanganya, nasi tutaeleza sababu.

ORODHA NA NGAZI ZAKE

Umoja wa dunia unaoshughulika na uhifadhi wa maumbile huandika kila aina ya mnyama na ndege katika daftari liitwalo Orodha Nyekundu. Orodha hiyo ina ngazi. Chini kabisa wamo wale wasiotia wasiwasi, kama mwewe wetu wa sokoni. Wanaofuata ni walio karibu na hatari, na humo ndimo alimoandikwa shakevale wa milimani. Juu yake wamo walio dhaifu, kisha walio hatarini, kisha walio hatarini mno, mpaka kufika kwa wale waliokwisha kutoweka.

Ngazi hizi hazipangwi kwa huruma wala kwa uzuri wa ndege. Hupangwa kwa hesabu. Moja ya njia za kuingia katika ngazi ya walio dhaifu ni kupungua kwa sehemu 30 katika kila 100 kwa muda wa miaka 10 au wa vizazi vitatu vya mnyama huyo, ukichukuliwa muda ulio mrefu zaidi. Mfano wake ni mtu mwenye ng'ombe 100, ambaye kabla ya mjukuu wake kuoa zizi limebaki na ng'ombe 70. Ng'ombe 70 bado ni mali, na mgeni apitaye atamwita mtu huyo tajiri. Lakini mwenye zizi ajua kuna jambo. Njia nyingine hutazama wingi wenyewe, kwa maana jamii ndogo ipunguayo polepole yaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko jamii kubwa ipunguayo upesi.

Shakevale wa milimani hakufika huko, bali anakaribia. Jamii yake yahesabiwa kuwa ndogo, na yadhaniwa kupungua kwa sababu misitu yake yapungua. Jambo jingine lilimshusha pia. Zamani vitabu vilimhesabu pamoja na jamaa yake wa misitu ya Afrika ya Kusini, kana kwamba ni ndege mmoja. Wataalamu walipowatenga kuwa aina mbili, ilidhihirika kuwa kila mmoja ana nchi ndogo kuliko ilivyodhaniwa wakati walipohesabiwa kikapu kimoja. Hakuna hata ndege mmoja aliyekufa siku ile. Ni hesabu tu iliyosahihishwa.

Kosa lile la vitabu na kosa la uani kwetu ni ndugu. Anayewaita ndege wanne kwa jina moja hataona mmoja wao akitoweka, maana wale watatu watazidi kuruka juu ya kichwa chake, naye atasema: mbona mwewe wamejaa tele?

VISIWA VISIVYO NA MAJI

Sasa twarudi kwenye ramani. Shakevale huyu haishi katika nchi zile zote zilizopakwa rangi. Aishi juu ya vilele vyenye msitu tu, na kati ya kilele na kilele ni nchi ya chini yenye joto, mashamba na miji. Kwa hiyo misitu yake ni kama visiwa, na bahari yake ni nchi kavu. Wavuvi wa Mfangano wataelewa upesi. Kisiwa kikubwa chaweza kulisha watu wengi. Kikimegwa ufuo mwaka hadi mwaka, watu husongamana, na siku ikiwapata tauni hapana jirani wa karibu wa kuwajaza tena.

Na visiwa hivi vimemegwa. Mwaka 2009 kamati iliyowekwa na serikali ya Kenya kuuchunguza msitu wa Mau ilieleza kuwa zaidi ya hekta 100,000, karibu robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea katika muda wa miaka 15 hivi, kwa kugawiwa watu, kwa kuvamiwa na kwa kukatwa ovyo. Mau si mbali na watu wa Nyanza kama wanavyofikiri. Mto Sondu watoka huko, na mto Mara hali kadhalika, na yote miwili humwaga maji yake katika Ziwa. Mti uliokuwa na tundu la shakevale ndio uliokuwa ukiyashika maji hayo.

Yafaa tuseme haki: ndege huyu si mkaidi kabisa. Huonekana kwenye kingo za msitu, na pengine juu ya miti iliyopandwa na serikali kwa ajili ya mbao. Akiachiwa miti mikubwa michache ya kujenga, aweza kuwinda mahali palipokatwa. Hiyo ni sababu moja ya kuwa bado yuko karibu na hatari, na si ndani yake.

Jirani yake mkubwa katika misitu hiyo ana shida zaidi, naye pia ameandikwa katika ngazi hiyo hiyo. Huyo ni tai mwenye taji, ndege mwenye nguvu awezaye kumkamata kima na paa mdogo. Mambo yake twayafahamu vema kwa sababu Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo katika Kenya, aliangalia matundu ya tai huko Embu tangu mwaka 1948 kwa miaka mingi, akitumia nafasi zake za mapumziko kupanda mlima mmoja huo huo. Kinda wa tai huyu hukaa tunduni kama siku 110, na baada ya kuruka huendelea kulishwa na wazazi wake kwa miezi mingi, hata kukaribia mwaka. Kwa hiyo jozi moja aghalabu hupata kinda mmoja katika kila miaka miwili. Mfugaji ahesabu mwenyewe: ukimwua mmoja kwa risasi au kwa sumu, itachukua muda gani kumlipa?

LAMBWE INAIJUA HABARI HII

Vilele vya Gwasi, ambavyo ni mabaki ya mlima wa moto wa kale uitwao Kisingiri, vyapita mita 2,000. Kwa hiyo kwa kipimo cha urefu tu vyafika mlangoni pa nyumba ya shakevale wa milimani. Lakini urefu si nyumba. Nyumba ni msitu, na msitu wa Gwasi umepunguzwa kwa shoka, kwa makaa na kwa mashamba yanayopanda mteremko, hata umebaki vipande vipande. Mlima wenye kimo cha kutosha na miti isiyotosha ni kama nyumba yenye kuta bila ya paa.

Watu wa Lambwe hawahitaji kwenda Mau ili waone maana ya kubaki na kipande kimoja. Mnyama korongo, yule mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso mweusi na mweupe, zamani alionekana katika sehemu mbalimbali za Kenya. Alitoweka pote isipokuwa katika bonde hili. Ndiyo sababu kubwa ya kutengwa hifadhi ya wanyama hapa mwaka 1966, ambayo mwaka 1983 ilifanywa mbuga ya taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120. Kilomita 120 ni nyingi kwa mtu anayetembea, na ni kidogo sana zikiwa ndizo nchi yako yote.

Hapo hapo Ruma huja mbayuwayu wa rangi ya buluu, ambaye ngazi yake katika Orodha ni juu kuliko ya shakevale wetu: yumo miongoni mwa walio dhaifu. Huzaa katika majani ya nyanda za juu za kusini, katika Tanzania, Malawi na kwingineko, na tangu Aprili mpaka Septemba huja kukaa huku kwetu katika nyasi. Mbayuwayu ataka nyasi, shakevale ataka miti. Shida yao ni moja, kila mmoja amefungwa na aina moja ya nchi, na nchi hiyo yapungua.

Pengine mzee mmoja wa bonde atasema: na sisi je? Tumeugua malale, ng'ombe wetu wamekufa kwa mbung'o, nanyi mwazungumza habari za vichaka na ndege. Neno hilo ni la haki, na halipasi kupuuzwa. Mbung'o wa Lambwe waliwahi kulifanya bonde hili kuwa mahali pa kuogopwa. Ugonjwa ulipozuka tena mwaka 1980, ndege za angani zilitumiwa mwaka 1981 kunyunyiza dawa ya endosulfani juu ya vichaka. Hapana mtu awezaye kuwalaumu waliotaka kuokoa maisha. Lakini dawa za namna hiyo haziui mbung'o peke yake, na samaki hasa huzidhuru upesi. Mwaka 2011 mataifa yalikubaliana kuiondoa endosulfani katika matumizi. Tangu miaka ya 1980 wachunguzi, wakiwamo wa kituo cha wadudu kilichoko Mbita, wamejaribu katika bonde hili mitego ya nguo ya buluu na nyeusi, rangi ambazo mbung'o huzipenda. Mtego wa nguo humkamata mbung'o, na shakevale haudhuru.

SUMU

Jambo lililo karibu zaidi na ua wa kila mtu ni sumu. Fisi akiua mbuzi, au chui akiua ndama, wako watu wanaopaka mzoga dawa ya wadudu na kuuacha porini. Fisi hufa, labda. Lakini kabla ya fisi kufika usiku, mchana kutwa mzoga uko wazi mbele ya tai na jamii yote ya ndege wala nyama. Na panya au ndege mdogo aliyekula mbegu zenye sumu huwa mzito wa kukimbia, na ndiye anayekamatwa kwanza. Hivyo sumu hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa.

Dawa moja iliyotumiwa sana kwa kazi hii mbaya ni kabofurani, ambayo iliuzwa madukani kwa ajili ya kulinda mimea. Baada ya vifo vingi vya simba na ndege, watengenezaji waliiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Karibu na wakati huo huo huko Bunyala, kando ya Ziwa hili hili, mchunguzi mmoja alikuta watu wakiwategea ndege wa mashamba ya mpunga kwa dawa hiyo, kisha nyama yake ikauzwa ili kuliwa. Msomaji afikiri mwenyewe juu ya chungu kilichopikwa siku hiyo.

Matokeo ya mambo haya yote pamoja, yaani sumu, kukatwa kwa miti, nyaya za umeme na kupungua kwa mawindo, yalionekana mwaka 2022. Wataalamu walilinganisha hesabu za ndege wawindao zilizofanywa barabarani katika Kenya miaka ya 1970 na zile zilizofanywa tangu mwaka 2003 mpaka 2020. Katika aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Yule shakevale wa mkia mwekundu, rafiki wa mkulima wa viazi, ambaye kila mtu alimdhani kuwa tele, alipungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Naye ni ndege wa mashambani, azoeaye watu. Wa milimani, aliyejificha juu ya msitu ambako hapana barabara ya kumhesabia, hana hesabu nzuri kama hiyo.

LA KUFANYA UANI

Mwenye kuku ana haki ya kulinda vifaranga vyake. Njia iliyo bora ni kuwafungia chini ya tenga au ndani ya kibanda cha wavu majuma ya kwanza, na kuacha kichaka kidogo karibu na nyumba ambamo mama yao aweza kuwaficha. Mwewe mwenye mkia wa panda hushindwa kwa wavu wa shilingi chache. Jiwe hukosa, na sumu haichagui. Isitoshe, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya wanyama wa porini yaweka adhabu kwa anayewaua wanyama na ndege waliolindwa, na kutojua jina la ndege si udhuru mbele ya hakimu.

Aonaye ndege wa udongo mwenye kifua cha mabaka juu ya vilima vya Gwasi, naye ana hakika kuwa si mwewe, aweza kuleta faida kubwa kwa kuandika mambo manne: tarehe, mahali, namna ya mkia, na kama ndege alikuwa juu ya miti au juu ya nchi wazi. Walimu waweza kuifanya kazi hii pamoja na wanafunzi wao. Habari kama hizo hukusanywa katika Ramani ya Ndege wa Kenya, kazi inayofanywa na watu wa kawaida pamoja na wataalamu, na askari wa mbuga ya Ruma nao waweza kuzipokea. Habari za miezi ya Juni, Julai na Agosti ndizo za thamani kuliko zote, kwa sababu wakati huo mgeni wa Urusi hayupo.